Shajara ya duka la khanga: kutoka wafuasi wa mtandaoni hadi orodha ya barua pepe

Duka ni la mama, Kariakoo, upande wa Mtaa wa Uhuru. Yeye anauza khanga tangu sijazaliwa, mimi nashika simu. Naandika hapa kila hatua inapokwisha, pamoja na gharama, ili mwenye duka mwingine akitaka kufuata asirudie yaliyonitoa jasho. Mambo ya kawaida nayapita haraka.

3 Februari 2024: Simu ya dukani

Mwezi uliopita simu ya dukani iliibwa kwenye daladala. Laini niliirudisha kesho yake, lakini majina ya wateja kama 700 yalikuwa kwenye simu yenyewe, na sikuwa nimeyahifadhi kwingine. Stetasi ya WhatsApp haimfikii mtu ambaye hamjahifadhiana namba, kwa hiyo nikajikuta naposti khanga mpya na kutazamwa na watu kumi na wanne, sita kati yao ni ndugu zangu. Mama akanitazama, akasema: "Daftari langu mimi halijaibwa hata siku moja."

Nikakumbuka pia tarehe 4 Oktoba 2021, siku Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Duka lilikuwa wazi, mzigo umejaa, na sisi tumekaa tu.

Hali ya leo: Instagram wafuasi 4,100, Facebook 2,600, anwani za barua pepe sifuri. Lengo ni anwani 500 kufikia mwisho wa Septemba. Orodha ya barua pepe ni faili: naipakua, naiweka kwenye flashi, naichapa ikibidi. Wafuasi siwezi kuwaweka kwenye flashi.

Kila niliyemweleza alinijibu jambo moja: Mtanzania hasomi imeli. Nimeliandika hapa kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu hiyo itatokea mbele.

10 Februari: Fomu iliyofunga mlango

Nilitengeneza fomu ya Google, nikaiweka linki kwenye wasifu wa Instagram na kwenye stori. Kwenye maelezo ya posti usihangaike, linki pale haibonyezeki, inabaki maandishi tu. TikTok akaunti yetu bado changa, haijafika wafuasi 1,000, kwa hiyo hata pa kuiweka sikupata.

Linki ilibonyezwa mara 88 kwa siku nne. Waliojaza: 6.

Nilidhani watu hawataki. Kumbe nilikuwa nimewasha sehemu inayosema kila mtu ajibu mara moja tu, na ukiwasha hiyo, fomu inamtaka mtu aingie kwanza kwenye akaunti yake ya Google. Mtu yuko ndani ya Instagram, amebonyeza kwa udadisi, anaulizwa nywila ambayo aliiweka mwaka juzi. Anarudi zake. Niligundua pale mdogo wangu alipoifungua kwenye simu yake mbele yangu akasema, "Hii inataka niingie wapi tena?"

Nimeizima sehemu hiyo, nikabakiza maswali mawili: jina na anwani. Siku zilizofuata wakaingia 31. Jumla 37. Ukimaliza kutengeneza fomu yako, mpe mtu mwingine aifungue kupitia simu yake, kutokea Instagram kwenyewe, na wewe usimsaidie.

24 Februari: Kosa kubwa kuliko yote

Hili nalieleza kirefu kwa sababu naona maduka mengi yanalifanya hadi leo.

Niliposti picha ya doti tatu zimekunjwa vizuri, nikaandika: "Acha imeli yako hapa chini. Tutachagua watu watatu, kila mmoja doti moja bure." Kufikia usiku wa pili kulikuwa na anwani 212. Nililala nikiwa na furaha, nimeshapiga hesabu kwamba lengo la Septemba nitalifikia Machi.

Siku ya tatu asubuhi ikapigwa simu dukani. Dada mmoja wa Mbagala, mteja wetu wa siku nyingi: "Samahani dada, zawadi yangu imefika wapi? Ile elfu kumi na tano ya usafiri nimeshatuma tangu jana." Nikamwuliza ametuma kwa nani. Akanisomea namba ambayo siijui.

Mtu alikuwa amefungua akaunti yenye jina letu, imeongezwa herufi moja tu katikati, na picha yetu ileile ya wasifu. Akapita kwenye maoni yote 212, anwani zimeanikwa kama nguo kwenye kamba, akawaandikia watu inboksi na kwa barua pepe: hongera umeshinda, tuma 15,000 ya usafiri. Kazi yote ya kumkusanyia watu nilikuwa nimeshamfanyia.

Nilifuta posti saa hiyohiyo, nikaweka stori ya tahadhari yenye picha ya jina bandia, nikawaomba wafuasi wairipoti ile akaunti. Ilitoweka baada ya siku mbili. Yule dada wa Mbagala, mimi nilikuwa najiandaa kumpa pole. Mama akasema pole hainunui kitu, aliibiwa kwa jina la duka, arudishiwe hela yake. Tukarudisha 15,000. Washindi watatu tukawachagua hivyohivyo, doti tatu za 12,000, yaani 36,000.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa kusoma sheria, jambo lililopaswa kuwa la kwanza. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anwani ya mtu ni taarifa yake. Unatakiwa umwambie unaichukulia nini, uitumie kwa hilo tu, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nimeanza maombi. Kwenye fomu nimeongeza mstari: "Tutakutumia barua mbili kwa mwezi kuhusu khanga. Anwani yako hatumpi mtu. Ukichoka, kila barua ina sehemu ya kujitoa."

Zile anwani 212 sikuziingiza kwenye orodha. Watu walizitoa kwa ajili ya zawadi. Niliwaandikia inboksi mmoja mmoja, jioni nne, nikiomba radhi na kuwapa linki ya fomu. Waliojaza ni 64. Jumla 101, na vidole vinauma.

18 Machi: Barua ya kwanza iliangukia shimoni

Nilifungua akaunti ya bure Brevo, huduma ya kutuma barua pepe kwa watu wengi, inayoruhusu barua 300 kwa siku. Tarehe 10 Machi, kabla ya Ramadhani kuanza, nikatuma kwa watu 101. Mtumaji nikaweka anwani yetu ya gmail.com, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo. Waliofungua 14. Nikampigia binamu yangu, akatafuta, akaikuta kwenye spamu, chini ya tangazo la dawa ya nguvu.

Sababu ni hii. Ukituma kupitia huduma nyingine huku unajiita gmail.com, unakuwa kama mtu anayegonga mlango kwa jina la jirani. Na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza: anayetuma lazima jina lake la mtandaoni lithibitishwe, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Masharti mazito kabisa ni ya wanaotuma barua 5,000 na zaidi kwa siku, lakini sisi wadogo hatujaachwa nje. Tena piga hesabu: ukituma barua 300, mtu mmoja tu akibonyeza "spamu" umeshavuka.

Nikanunua jina letu la .co.tz pamoja na nafasi ndogo ya kuhifadhi tovuti, 120,000 kwa mwaka. Kisha kuna rekodi tatu za kuweka kwenye mipangilio ya jina hilo: SPF inayotaja ni nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM ambayo ni kama muhuri juu ya kila barua, na DMARC inayosema barua isiyo na hivyo ifanyweje. Huduma yoyote ya kutuma barua itakupa maandishi ya kunakili. Saa moja inatosha.

Mimi ilinichukua siku tano. DKIM ilikubali, SPF ikagoma. Nilifuta, nikaandika upya, nikasubiri usiku kucha maana mabadiliko huchukua saa kadhaa kuenea, asubuhi bado. Tatizo lilikuwa kwamba walioniuzia nafasi walikuwa wameshaweka rekodi yao ya SPF, mimi nikaongeza ya pili chini yake. Jina moja linatakiwa liwe na rekodi moja ya SPF. Zikiwa mbili, zote zinahesabika mbovu. Dawa ni kuziunganisha, hivi:

v=spf1 +a +mx include:(anwani uliyopewa na huduma) ~all

Mwanzo mmoja wa v=spf1, mwisho mmoja wa ~all, na kila kingine katikati. Tarehe 18 nikarudia barua ileile kwa ambao hawakuifungua. Safari hii wakafungua 46, na wanne wakajibu wakiuliza bei.

20 Aprili: Majina ya khanga

Mpaka hapa nilikuwa sijajiuliza mtu anipe anwani yake kwa nini. Bango langu lilisema "Jiandikishe upate habari zetu." Liliingiza watu watatu kwa wiki mbili. Habari zetu zipi? Ndugu yangu, hata mimi nisingejiandikisha.

Jibu lilikuwa rafuni mbele ya macho yangu. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo watu wanalogombania. Mteja anaweza kusimama nusu saa dukani anasoma majina, anacheka, anapiga picha, anaondoka bila kununua. Nikakaa na mama jioni tatu na daftari. Yeye anataja jina, anaeleza lilivaliwaje, nani humpa nani, na lipi usimpe mkweo hata kwa bahati mbaya. Tukapata kijitabu cha PDF, "Majina 40 ya khanga na maneno yaliyo nyuma yake". Kijana wa steshenari alinipangia kurasa kwa 30,000.

Video ya kwanza nilijipamba nikasoma mwenyewe. Haikwenda popote. Ya pili nilirekodi mikono ya mama tu. Anaifungua khanga juu ya kaunta, anailaza, anapitisha kidole chini ya maandishi, na sauti yake inasema polepole: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Kisha kimya kidogo. Kisha: "Hii mimi nilinunuliwa na marehemu mama yangu, wiki ya kwanza ya ndoa." Hakujua bado narekodi. Nilimwomba ruhusa, akasema weka, lakini kata pale ninapokohoa.

Chini ya video niliandika: "Ukitaka majina 40, andika MAJINA inboksi." Hili lilishinda linki ya wasifu kwa mbali. Mtu kuandika neno moja ni rahisi kuliko kutoka kwenye video aende kutafuta linki. Mimi ninamjibu kwa ujumbe niliouhifadhi tayari, wenye salamu, linki ya fomu na ule mstari wa faragha. Najibu kwa mkono, saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Video hiyo peke yake ilileta anwani 71 kwa siku mbili. Kwa Ramadhani nzima na Idi (10 Aprili) wameingia 163. Jumla 264.

Nilijaribu pia kuweka swali kwenye stori: "Jina gani la khanga uliwahi kupewa likakuuma?" Majibu yalikuwa matamu mno siwezi kuyaweka hapa, ila kila aliyejibu nilimshukuru na kumpa linki, na karibu wote walijaza.

27 Aprili: Tangazo la kulipia

Facebook wana tangazo lenye fomu ndani yake, mtu hatoki nje. Linakutaka uwe na ukurasa wa sera ya faragha, nikaandika nusu ukurasa kwa Kiswahili nikauweka kwenye tovuti yetu. Nikalipa 8,000 kwa siku, siku tano, 40,000. Zikaingia anwani 118. Nikamwonyesha mama. Akauliza, "Wamenunua wangapi?"

Nilipotuma barua, 47 zilirudi, hazina mwenyewe. Nyingi ni za Yahoo na Hotmail. Fomu ile hujaza yenyewe anwani iliyo kwenye akaunti ya mtu, nayo mara nyingi ni ile aliyofungulia Facebook enzi za intaneti kafe, akaisahau. Mtu amebonyeza mara mbili, kwa nia njema kabisa, akanipa anwani ya kaburi. Wengine 41 hazikurudi ila hawakufungua chochote. Waliobaki hai ni 30, yaani kila mmoja 1,333.

Bei si mbaya. Ubaya ni zile 47. Barua nyingi zikirudi, jina lako linaanza kunuka kwa Gmail, na barua zinazofuata zinapelekwa spamu hata kwa waliokuomba. Niliziondoa zote siku hiyohiyo pamoja na wale 41, nikabaki na 30. Jumla 294. Tangazo la fomu sirudii. Nikilipia tena, nitalipia video ya mama iongezewe watazamaji, watu waandike MAJINA wenyewe.

18 Mei: Wiki ya nyaya za baharini

Jumapili tarehe 12 intaneti ilikatika nchi karibu nzima. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mimi Ijumaa nilikuwa nimeshapanga barua iende yenyewe Jumatatu saa nne asubuhi. Nikasahau.

Barua ilikwenda. Kompyuta zinazoituma haziko Kariakoo. Mimi nikiwa dukani nazungusha simu juu kama natafuta mwezi, barua yenye picha za khanga mpya iliwafikia watu wenye intaneti, na hao wengi walikuwa nje. Mtandao ulipotulia nikakuta majibu 19. Muscat wanane, Uingereza sita, Marekani wanne, mmoja Nairobi. Mama mmoja wa Leicester aliandika mara tatu. Mara ya kwanza anataka doti sita za jina moja kwa ajili ya binti zake. Mara ya pili anauliza kama tumeipata. Mara ya tatu: "Mwanangu, au hamuuzi tena?"

Kosa langu: barua ilikuwa na kitufe kimoja tu, cha kwenda WhatsApp yetu, na WhatsApp yetu ilikuwa imekufa. Sasa kila barua ina mstari: "Jibu barua hii hii. Tunajibu ndani ya siku mbili, mtandao ukiruhusu." Oda saba kati ya zile ziliokolewa. Yule mama wa Leicester alipelekewa na msafiri.

Hapa ndipo nilipoielewa ile nusu ya kweli. Mtanzania aliye Mbagala kweli hasomi imeli kwa ajili ya khanga. Anakuja dukani, au anatuma kijana wa bodaboda. Aliye Muscat au Leicester anafungua imeli kila asubuhi kwa sababu ya kazi yake, na barua ya Kiswahili katikati ya zile za ofisini anaisoma. Tangu hapo fomu ina swali la tatu: Uko wapi?

8 Juni: Kuthibitisha, na imeli ya simu

Baada ya lile tangazo niliweka hatua ya kuthibitisha: mtu akijaza, anapata barua yenye kitufe, asipobonyeza haingii. Wiki tatu, walijaza 120, waliothibitisha 38. Nilikaribia kuiondoa. Mdogo wangu akaniuliza kwa nini duka la khanga linaandikia watu Kiingereza. Ile barua ya kuthibitisha nilikuwa nimeiacha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, na mtu aliyeomba majina ya khanga akaona kitu kinachofanana na barua za matapeli. Nikaiandika upya, kichwa cha barua: "Kijitabu chako cha majina kiko hapa, bonyeza mara moja." Katika 95 waliofuata wakathibitisha 74. Jumla 406.

Anwani zilizoandikwa vibaya nilizihesabu: gmial, gamil, gmail.con. Kumi na saba. Chini ya kisanduku nimeweka: "Soma tena herufi moja moja." Zimepungua, hazijaisha.

Dukani nilibandika karatasi yenye msimbo wa QR, mteja anaupiga picha fomu inafunguka, nikakaa nayo siku nzima. Bibi mmoja, mpole sana, akaniambia, "Imeli ninayo mwanangu, lakini anayo yule kijana aliyeniuzia simu." Alimaanisha hivyohivyo. Fundi alifungua anwani ili simu iwake, nywila akabaki nayo kichwani mwake. Nimekutana na watu tisa wa hivyo kwa siku moja. Anwani wanayo, na hawataiona barua milele. Hao nachukua namba ya simu, naandika kwenye daftari la mama. Karatasi nimeibandua.

Orodha imepita 300, kwa hiyo kifurushi cha bure hakitoshi kwa siku moja. Walio nje nawatumia Jumanne, walio nchini Jumatano. Bado silipi.

20 Julai: Hasidi hana sababu

Vichwa vya barua nimekuwa nikitumia majina ya khanga yenyewe. "Japo sipati tamaa sikati" ilifunguliwa kuliko barua zote. "Wema hauozi" nayo vizuri. Wiki iliyopita nikatuma "Hasidi hana sababu", bila neno lingine, kwa watu 400 na kitu.

Saa moja baadaye mteja akapiga simu, sauti imepanda: "Mmenikusudia mimi?" Alikuwa amegombana na mama juu ya doti moja yenye doa, mwezi wa sita. Wengine wawili waliandika kuuliza nani kawasema kwetu. Nilipaswa kujua. Khanga ni chombo cha mafumbo, mtu hufunga jina kiunoni ili jirani alisome. Nami nimemchomekea mtu fumbo kwenye simu yake, jina lake limetajwa juu, na duka limetia sahihi chini.

Mama alimpigia mwenyewe, wakaongea dakika arobaini, wakamaliza kwa kucheka, na ile doti ikabadilishwa. Sasa kila kichwa kinaanza na "Jina la wiki:". Vichwa vya kijembe nimevifuta kwenye ratiba vyote, ingawa ndivyo vinavyofunguliwa zaidi.

31 Agosti: Wahazini wa kamati

Hili halikuwa kwenye mpango. Mhazini wa kamati ya harusi aliuliza inboksi: "Mnatuma profoma kwa imeli? Nataka kuipeleka kikaoni." Sare za harusi ni doti 40, 60, mpaka 80, na kamati haikubali bei ya mdomo. Inataka karatasi yenye jina la duka, bei, na tarehe ya mwisho wa bei hiyo.

Nikatengeneza orodha ya bei ya sare, ukurasa mmoja, nikaweka kwenye stetasi ya WhatsApp na stori: "Uko kwenye kamati? Andika SARE, tukutumie bei kwa imeli." Walioandika ni 52, karibu wote kwa anwani za kazini, ambazo hufunguliwa. Hawa nimewaweka kwenye orodha yao peke yao. Mhazini hataki hadithi ya jina la wiki, anataka bei na siku ya kupokea mzigo. Nilichelewa kuwatenganisha, na wawili wakajitoa kwa sababu hiyo.

Oda nne mwezi huu: doti 60, 48, 35 na 80. Faida 1,500 kwa doti, hivyo 334,500. Watu 52 wamelipa mradi mzima na chenji ikabaki.

29 Septemba: Kusafisha

Majina yaliendelea kuleta watu, 71 tangu katikati ya Juni. Jumla ya walioingia ni 529. Waliojitoa wenyewe 22. Kisha nikatafuta wasiogusa chochote kwa miezi minne. Hesabu ya "waliofungua" usiiamini sana, maana tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha kabla mwenye simu hajaiona barua, na huduma ikahesabu imefunguliwa. Nimetazama waliobonyeza au kujibu, na wale ambao hata kufungua hakuonekani. Niliwaandikia mara moja: "Bado tukutumie?" Watu 88 hawakujibu, nimewaondoa. Wamebaki 419. Lengo la 500 sikulifikia, na sitawarudisha wale 88 ili lifikike.

Gharama yote: jina na nafasi ya tovuti 120,000, tangazo 40,000, zawadi 36,000, kijitabu 30,000, fidia 15,000. Jumla 241,000. Jioni zangu sikuzihesabu. Nakala ya orodha iko kwenye flashi, na nakala iliyochapwa iko ndani ya daftari la mama, imekunjwa mara nne. Ombi la Tume bado linaendelea, likikamilika nitaandika hapa na gharama yake.

Doti 48 za sare ya waridi zinaondoka Alhamisi. Profoma ilikwenda kwa barua pepe, na mhazini amejibu kwa ujumbe wa sauti WhatsApp, dakika nne.